MGENI NJOO, SHABA IPONE: AYONI ZINAVYOSAIDIA KUPAKA SHABA

Wako wenzetu wanaoshikilia ati kemia haisemeki kwa Kiswahili. Mimi nakataa, na nimechagua somo gumu makusudi: jinsi tabaka jembamba la shaba nyekundu linavyopakwa juu ya metali kwa umeme, na jinsi ayoni zilizonata kwenye metali zinavyoibadilisha kazi hiyo.

Tuanze na tuliyosoma kidato cha pili. Chukua maji yenye kopa salfeti, ile chumvi ya buluu. Tumbukiza vipande viwili vya metali, yaani elektrodi, kisha uviunge na betri. Kile cha upande hasi huitwa kathodi. Ayoni za shaba zina chaji chanya, kwa hivyo huielekea kathodi. Kila moja hupokea elektroni mbili ikageuka shaba kamili. Kanuni ya hesabu yake ilitolewa na Michael Faraday wa Uingereza miaka ya 1830. Kwa mfano, mkondo wa ampea 0.5 ukipita kwa dakika 30 huleta shaba ya gramu 0.3 hivi. Ikienea juu ya sentimita mraba 50, unene wake ni kama milimita 0.007 tu!

Lakini ayoni za shaba haziko peke yake majini. Kuna salfeti, na mara nyingi kuna kloraidi, ile inayopatikana katika chumvi ya kupikia. Hizi huvutwa na uso wa metali zikanata hapo. Jihadhari, kunata si kufyonzwa. Sifongo hufyonza maji yakaingia ndani, lakini vumbi la Isiolo hunata juu ya viatu tu. Ayoni zetu ni kama vumbi hilo.

Je, zinafanya nini pale? Wataalamu wamechunguza shaba ikitua juu ya dhahabu. Ajabu ni kwamba tabaka la kwanza hutua mapema, kabla ya umeme kufikia kiwango ambacho shaba hutua juu ya shaba mwenzake. Dhahabu humpokea mgeni kuliko ndugu zake! Hapo salfeti huingia kati: shaba hujipanga mfano wa sega la asali, na salfeti hukaa katikati ya kila kijumba. Ukitia kloraidi, mpango huo hubadilika. Basi ayoni inayonata ndiyo inayoamua shaba ikae vipi.

Kloraidi ina kazi nyingine. Ayoni ya shaba hupokea elektroni zake moja moja, na hatua ya kwanza ndiyo nzito. Kloraidi iliyonata huwa daraja la kuirahisisha. Lakini katika viwanda hutiwa pia dawa nyingine yenye minyororo mirefu. Kloraidi huishikilia usoni kama blanketi, nayo hupunguza mwendo ili shaba isirundikane mahali pamoja. Kiasi cha kloraidi ni kidogo mno, kama miligramu 50 katika lita moja. Ikipungua, shaba hutoka na michirizi. Ikizidi, mng'ao hupotea. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini wageni wasijae nyumba!

Msidhani haya ni ya Ulaya tu. Huko Likasi, mkoa wa Haut-Katanga nchini Kongo, ambako watu huzungumza Kiswahili kama sisi, kiwanda cha Shituru kilianza mwaka wa 1929 kutoa shaba kwa umeme. Na mwaka wa 1997 kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza vijisahani vya kompyuta vyenye nyaya za shaba, zilizojazwa katika mifereji midogo kwa njia hii hii.

Sasa turudi nyumbani. Mji wetu unajulikana kwa bangili za shaba zinazouziwa wasafiri wa barabara ya Moyale. Mtu akipaka chuma shaba na kukiuza kama shaba tupu, atawaharibia jina wauzaji wote waaminifu. Kumtambua ni rahisi: sumaku huvuta chuma, haivuti shaba. Tena chuma kikitiwa ndani ya kopa salfeti bila umeme hupata utando mwekundu, lakini huo hubanduka upesi. Usione vyaelea, vimeundwa!

Wenzangu wa maabara, nawaomba mawili. Kwanza, tutumie maji yaliyotoneshwa. Maji ya visima vingi vya kaunti yetu yana chumvi, na chumvi hiyo ina kloraidi ambayo hatukuipima. Pili, tusimwage mabaki ya buluu mtaroni. Mifugo hunywa humo, na kondoo hudhurika na shaba upesi kuliko mbuzi na ng'ombe. Kondoo mmoja ni karo ya mtu. Tumkabidhi mwalimu mabaki hayo katika chupa iliyoandikwa jina.

Haya, mmesoma ayoni, kathodi na kloraidi, na Kiswahili hakikuvunjika mguu. Anayebisha aandike makala ya mwaka ujao, lakini kwa Kiswahili tafadhali!