Waliobaki Ngomeni na Ndugu Zao wa Nje

Kila muhula mabasi ya shule kutoka pembe zote za Kenya huegeshwa mbele ya Fort Jesus, au Ngomeni kama wenyeji wa Mji wa Kale wanavyopaita. Wanafunzi huingia kwa safu, madaftari mikononi, na baada ya saa moja hivi hutoka na tarakimu tatu: 1593, mwaka ngome ilipoanza kujengwa, 1696, mwaka ilipozingirwa, na 1698, mwaka ilipotekwa. Wakiulizwa ni nani aliyepigana na nani, hujibu kwa sauti moja kwamba Wareno walipigana na Waarabu wa Omani. Jibu hilo hupata alama zote katika mtihani. Hata hivyo, mimi naamini ya kwamba jibu hilo limewaficha watu wengi kuliko liliowafichua, na leo nawaomba walimu wenzangu na wanafunzi wao tuwatazame hao waliofichwa.

Kwa muhtasari, habari yenyewe ni hii. Wareno waliijenga ngome kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, juu ya mwamba wa matumbawe unaoulinda mlango wa bandari ya kale. Utawala wao haukupendwa. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, ambaye Wareno wenyewe walikuwa wamemlea Goa na kumbatiza jina la Dom Jerónimo, aliwageuka na kuwaua ndani ya ngome hiyo hiyo. Huko Arabuni, Waomani waliwafukuza Wareno kutoka Maskati mwaka 1650, na tangu hapo watu wa Mombasa na wa Pate wakawa wanaelekeza macho kaskazini kutafuta msaada. Hatimaye, tarehe 13 Machi 1696, majeshi ya Imamu Saif bin Sultan yalianza kuizingira ngome. Mzingiro huo ulidumu miezi 33.

Sasa tuhesabu watu. Siku ulipoanza mzingiro, askari wa Kireno waliokuwamo ndani ya ngome walikuwa baina ya 50 na 70 tu. Pamoja nao walikuwamo mamia ya watu wa pwani yetu waliokuwa upande wao. Kwa upande wa nje hali ilikuwa vivyo hivyo: Waomani walikuja na merikebu na mizinga, lakini nyuma yao waliungwa mkono na wenyeji, hususan watu wa Pate na wa Mombasa yenyewe. Basi ukuta ule mnene uliwatenga watu wa lugha moja, waliokuwa wakielekea kibla kimoja wakati wa sala, na ambao bila shaka walioleana na kufanya biashara pamoja kabla ya siku hiyo. Vita ambavyo ndugu wa namna hiyo husimama pande mbili za ukuta mmoja, sisi leo huviita vita vya wenyewe kwa wenyewe. Sioni kwa nini tuvinyime jina hilo kwa sababu tu mizinga ilikuwa ya wageni.

Kiongozi wa wenyeji waliokuwamo ndani alikuwa Sheikh Daud wa Faza. Faza ni mji katika kisiwa cha Pate, na msomaji anayejua historia ya mji huo atashangaa kuusikia ukitajwa upande wa Wareno. Mwaka 1587 Wareno hao hao waliuvamia Faza kwa sababu ulimkaribisha Mturuki Mir Ali Bey. Waliwaua wakazi, wakauteketeza mji na kuikata minazi yake. Ilikuwaje, basi, baada ya karne moja na ushei, mjukuu wa Faza akawa mlinzi wa bendera ya Ureno? Jawabu liko katika kisiwa chenyewe. Faza na mji wa Pate walikuwa mahasimu wa miaka mingi. Pate ilipoegemea Omani, Faza ikabaki na Wareno. Ugomvi wa majirani wawili katika kisiwa kimoja kidogo ndio uliomtia Sheikh Daud ndani ya ngome ya Mombasa.

Maisha ya askari katika ngome iliyozingirwa si maisha ya mashujaa wa hadithi. Ni maisha ya kupima mchele kwa kibaba na maji kwa kata. Ni kulala juu ya jiwe, ukisikiliza kama adui ameleta ngazi. Ngomeni hadi leo upo ujia uliochongwa katika mwamba kuteremkia baharini, na mwanafunzi anayeushuka hana budi kuwafikiria waliongojea hapo usiku mashua za chakula. Msaada wa kwanza kutoka kwa Wareno ulifika Desemba 1696, na yamkini waliokuwamo walidhani dhiki imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Katika miezi iliyofuata maradhi ya kuambukiza, ambayo vitabu huyaita tauni, yaliingia ngomeni na kuwafagia walinzi. Ukuta uliozuia risasi haukuweza kuzuia ugonjwa.

Kufikia katikati ya mwaka 1697, amri ya ngome ilikuwa mikononi mwa Sheikh Daud. Pamoja naye walibaki watu hawa: jamaa zake 17, wanaume wengine wa Kiafrika 8, na wanawake wa Kiafrika 50. Naomba mwalimu asome hesabu hiyo polepole darasani. Wareno walioijenga ngome, wakaipa jina la Mwokozi wao na kuweka nembo za mfalme wao juu ya mlango wake, walikuwa wamekufa. Waliobaki kuishika walikuwa ukoo mmoja wa Faza, wanaume wanane, na wanawake ambao idadi yao ilikuwa karibu maradufu ya wanaume wote walionusurika.

Hapo ndipo linapoingia suala la udugu. Askari wa kawaida huwaacha watu wake nyumbani, akaenda vitani akiwa na picha yao moyoni. Kumbukumbu hiyo humtesa, lakini pia humfariji, kwa kuwa anajua kwamba mahali fulani mbali na baruti kuna moto wa jikoni unaowaka. Sheikh Daud hakuwa na faraja hiyo. Jamaa zake walikuwa karibu naye ukutani, na kila aliyeugua aliugua mbele ya macho yake. Kwake yeye, kuihesabu nguvu ya kikosi asubuhi na kuwahesabu ndugu waliokucha wakiwa hai ilikuwa hesabu moja. Wakati huo huo, nje ya ukuta, walikuwamo watu wa kisiwa chake cha kuzaliwa wakimngojea afe kwa njaa.

Wanawake wale hamsini nao hawakukaa bure. Ngome yenye kuta ndefu kiasi kile haiwezi kushikwa na wanaume ishirini na sita. Zamu za usiku lazima zigawanywe miongoni mwa wote wenye nguvu ya kusimama. Hata hivyo, vitabu vinavyowataja huwataja kwa hesabu tu. Makapteni wa Kireno tunawajua kwa majina na ukoo. Wanawake waliowazidi kwa uvumilivu tunawajua kwa tarakimu ya hamsini.

Mnamo Septemba 1697 jahazi la Wareno lilifika na kuleta askari wachache. Merikebu ya vita Santo António de Tanná ilizama mwaka huo huo chini ya ngome, na mabaki yake yalichimbuliwa na wapiga mbizi wa elimukale kuanzia mwaka 1977. Baadhi ya vyombo vyake huonyeshwa katika makumbusho ya Ngomeni. Mwisho ulifika tarehe 13 Desemba 1698. Siku hiyo kikosi cha Wareno kilikuwa kimebaki kapteni, wanaume tisa na padri mmoja. Waomani wakaupanda ukuta, na ngome ikaanguka. Siku chache tu baadaye kundi la merikebu za Wareno likatokea likileta msaada, likakuta bendera nyingine ikipepea.

Hapa wanafunzi huuliza swali zuri: je, Sheikh Daud alikuwa msaliti? Baadhi yetu hujibu upesi kwamba ndiyo, kwa sababu alimtumikia mkoloni. Jibu hilo ni jepesi mno. Neno msaliti hudai kwanza kuwepo kwa taifa ambalo mtu amelisaliti, na mwaka 1697 hapakuwa na Kenya wala taifa moja la Waswahili. Kulikuwa na miji, na kila mji ulimchagua mgeni aliyeonekana kuwa na madhara kidogo kwake, au aliyeonekana kuwa na madhara makubwa kwa jirani yake. Sidhani kama jamaa wale 17 walistahimili tauni kwa ajili ya mapenzi ya mfalme wa Ureno, ambaye hawakupata kumwona. Naona kuwa walisimama kwa sababu mkubwa wao alisimama. Uaminifu wa aina hiyo ni wa kuheshimiwa, na papo hapo ni wa kuogopwa, kwani ndio unaowawezesha wakubwa kuwapeleka vijana wema katika vita visivyo vyao.

Mfano wa pili uko Mombasa hapa hapa. Katika Barabara ya Jomo Kenyatta pana mnara wa askari Waafrika waliopigana katika Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918. Katika vita hivyo Waingereza walikuwa na kikosi cha King's African Rifles, na Wajerumani walikuwa na askari wao wa Kiafrika. Pande zote mbili Kiswahili kilitumika miongoni mwa askari. Askari wengi wa Wajerumani waliandamana na wake zao na watoto wao maporini, wakipika na kuzaa njiani. Mambo ni yale yale ya 1697: bendera za wageni, damu ya wenyeji, na familia ikibeba mzigo ambao haumo katika taarifa ya jemadari.

Wahenga walisema vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Nani alifaidi mwaka 1698? Waomani walimiliki ngome, lakini mwaka 1728 Wareno walirejea, safari hii wakisaidiwa na Pate, mji ule ule uliokuwa umewaunga mkono Waomani. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wakawafukuza tena. Waliohasimiana walibadilishana marafiki kama wabadilishanao zamu. Makaburi pekee ndiyo ambayo hayakubadilika.

Kuna jambo moja ambalo natamani kila mwanafunzi aondoke nalo. Waswahili wa Mombasa kwa kale hujigawa katika Thenashara Taifa: taifa tatu na taifa tisa. Katika zile tisa wamo Wapate, na wamo pia Wapaza, yaani watu wa asili ya Faza. Miji miwili iliyosimama pande mbili za ukuta imehesabiwa katika fungu moja la wenyeji wa kisiwa hiki. Uadui ulioonekana kuwa wa milele mwaka 1697 ulikuja kumezwa na ndoa, ujirani na mazishi ya pamoja. Wakubwa walihitaji miezi 33 na maiti wengi kuamua nani atamiliki ngome. Watu wa kawaida waliamua wenyewe kuishi pamoja.

Somo hili si la kale tu. Agosti 1997, ng'ambo ya kivuko, Likoni ilishuhudia majirani wakichinjwa na kufukuzwa kwa sababu ya asili yao, na mwanzoni mwa 2008 sehemu nyingi za nchi zilishuhudia mengine makubwa zaidi baada ya uchaguzi. Kila mara vijana waliotumwa walikuwa watoto wa watu, na kila mara waliowatuma hawakuwamo katika hesabu ya waliokufa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, utakapowapeleka wanafunzi Ngomeni, wape kazi moja zaidi ya kunakili tarehe. Waambie kila mmoja aandike barua ya mmoja wa jamaa wale 17 kwa binamu yake aliyeko nje ya ukuta, na mwenzake aandike majibu. Kisha barua hizo zisomwe darasani kwa sauti. Wataona ni vigumu kiasi gani kumchukia mtu ambaye umelazimika kuandika kwa kalamu yake. Nasi tutakuwa tumewapa zaidi ya tarakimu tatu: tutakuwa tumewafundisha kuuliza, kila wanapoitwa vitani, ni ndugu wa nani waliosimama upande wa pili.