Jiko la Mama na Fedha ya Serikali

Jioni, ukipita kati ya nyumba za Nyakabere, waona moshi ukipanda juu ya mapaa, na mbele ya mlango mama ameinama akipuliza makala katika mbabula ya bati. Mto Ruzizi, unaotoka ziwa Kivu na kuingia Tanganyika, umejengewa mitambo ya umeme: wa kwanza katika miaka ya 1950, wa pili ulimalizika mwaka 1989 kwa ushirika wa Kongo, Rwanda na Burundi. Hata hivyo chungu cha maharagwe chapikwa kwa makala.

Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 48, yahakikisha haki ya kupata maji safi na umeme. Sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 ikawafungulia mlango wafanya biashara wazalishe umeme na kuuuza. Ni mambo mema. Lakini yeye apikaye kwa makala, ataambiwa nini? Hapo ndipo penye ubishi: je, yafaa sheria itenge fedha ya watu wote ili wapatikane wenye majiko yanayokula makala machache?

Jiko lenyewe si jambo la ajabu. Ndani ya bati hutiwa ganda la udongo uliochomwa, nalo huzuia joto lisipotee kando. Mafundi wa Kenya walilieneza katika miaka ya 1980, wakiiga majiko ya Thailand. Likitengenezwa vema hupunguza makala kwa theluthi moja au zaidi. Nawe kumbuka, ndugu msomaji, ya kuwa kilo moja ya makala, katika tanuri la udongo la msituni, hula kilo tano hadi kumi za kuni.

Tulipojadili jambo hili darasani, mwanafunzi mmoja alisimama akasema: “Mwalimu, serikali ikigawa majiko bure, kesho utayakuta sokoni.” Wenzake walicheka, lakini hakukosea. Kitu cha bure hakitunzwi, na mara nyingi msaada hukoma mjini, kwa wenye nguvu ya kununua. Mwingine akauliza kama si afadhali walimu walipwe kwanza. Sikumjibu upesi, maana swali hilo lanihusu mno.

Lakini upande wa pili una neno zito. Mama anunuaye makala kwa vifungu vidogo vya kila siku hawezi kutoa mara moja bei ya jiko zuri, hata kama litamrudishia fedha yake baadaye. Tena hasara ya jiko bovu haimwangukii yeye peke yake. Watu wa Uvira hawajasahau Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba. Sisemi makala ndiyo yaliyoleta mvua ile. Lakini mlima uliovuliwa miti hauyashiki maji, na alipaye ni yule akaaye chini. Basi, ikiwa hasara ni ya wote, si ajabu wote wachangie dawa yake.

Twaweza kujifunza kwa jirani. Mwaka 2016 Kenya iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya mauzo. Julai 2021 ikairudisha, asilimia 16. Mwaka 2022 ikaishusha kuwa 8. Mwaka 2023 ikaifuta tena. Mfanya biashara gani ataagiza mali, na mama gani atabadili jiko lake, ikiwa sheria yageuka hivyo?

Kwa maoni yangu, majiko yasigawiwe bure. Afadhali kodi ipunguzwe kwa bati na vifaa, fundi wa hapa kijijini akopeshwe, na sheria idumu miaka kadhaa pasipo kuguswa. Na shauri hili likifika mbele ya Baraza la Jimbo, ningeomba kifungu kimoja kidogo kiongezwe: kabla ya franka moja kutolewa, jiko lipimwe mbele ya akina mama wenyewe, kwa kilo moja ya makala na chungu kimoja cha maharagwe.