CHAKULA CHA MSHIPANI KWA MTOTO MCHANGA ALIYEPASULIWA

Mtoto akizaliwa Gisenyi na utumbo ulioziba, au uliotokeza nje ya tumbo, safari yake ya kwanza duniani ni kilomita zipatazo 150 za milima na kona mpaka Kigali, kwa madaktari wa kupasua watoto. Baada ya kisu, utumbo huo waweza kukataa maziwa kwa siku nyingi, pengine majuma. Hubaki mlango mmoja tu wa chakula, nao ni mshipa wa damu.

Askari wanaijua hali ya mwenzao aliyejeruhiwa: hukonda hata akila. David Cuthbertson alilipima jambo hilo Glasgow katika miaka ya 1930, akaona kuwa mtu mzima aliyevunjika mfupa hupoteza kwa mkojo protini ya misuli yake, siku baada ya siku. Ikadhaniwa kuwa kichanga naye huungua vivyo hivyo, na kwamba apaswa kushindiliwa sukari.

Sivyo. Vipimo vilivyofanywa London katika miaka ya 1990 vilionyesha kuwa matumizi yake ya nguvu hupanda kwa saa chache tu, na kabla saa 24 hazijatimia hurudi yalipokuwa. Kazi ya kuvunja na kujenga protini nayo haiongezeki. Yaelekea mtoto huikopa nguvu ya kukua akaitumia kuponya kidonda, mfano wa fundi aachaye chumba kipya ili azibe ukuta uliobomoka.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mtoto wa kilo 3 alishwaye mshipani huhitaji, kwa kila kilo, kilokalori 80 hadi 100 kwa siku na gramu 2.5 hadi 3 za protini. Mililita 400 za maji ya sukari ya asilimia 10 humpa kilokalori 140 hivi, yaani nusu ya haja yake, na protini hakuna hata chembe. Siku moja si neno. Siku kumi, mwili hula misuli yake wenyewe, hata ile ya kuvutia pumzi. Wala kuzidisha sukari si dawa, kwani ya ziada hugeuka mafuta, hewa ya kaboni huongezeka, na mapafu machanga hutaabika. Lazima dripu iwe na asidi-amino na mafuta pia.

Kwamba jambo hili lawezekana, Douglas Wilmore na Stanley Dudrick walilithibitisha Philadelphia mwaka 1968, kwa kichanga aliyekua kwa chakula cha mshipani peke yake. Lakini chakula hicho ni ghali, na mpira usiotunzwa kwa usafi huingiza vijidudu damuni.

Hata hivyo, akiba ya kwanza haihitaji duka la dawa. Mtoto mwenye baridi huunguza nguvu ili ajipashe joto. Gisenyi iko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na barabara ya Kigali hupanda juu zaidi. Basi gari la wagonjwa litokapo usiku, mtoto afunikwe vema, na kofia iwe kichwani.