Waliorusha udongo juu ya mteremko

Mtaro wa fanya juu una upana wa takriban sentimita 60 na kina kama hicho. Mchimbaji hufuata mstari uliopimwa kwa kamba na pima maji ukikata mteremko, kisha kila beleshi la udongo hulirusha upande wa juu, si upande wa chini ambako udongo ungekwenda wenyewe. Mita 100 za mtaro wa namna hiyo ni mita za ujazo 36, yaani zaidi ya tani 40 za udongo zilizoinuliwa kwa mikono. Shamba dogo lenye mteremko mkali huhitaji mitaro kadhaa. Katika vilima vya Machakos na Makueni nchini Kenya, kazi hii hufanywa wakati wa kiangazi, Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu na sururu ikigonga mawe, ili mvua za vuli zikianza zikute kila kitu tayari.

Tuta linalosimama juu ya mtaro hupandwa majani ya Napia au majani mengine ya mifugo ili mizizi ilishike. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka hukwama hapo, maji hutulia na kuzama. Msimu baada ya msimu, upande wa chini wa kila kipande cha shamba hujaa na upande wa juu hupungua, mpaka mteremko unageuka ngazi. Ndani ya mtaro, penye unyevu, watu hupanda migomba na mipapai. Majani ya kwenye tuta hukatiwa ng'ombe, na samadi ikarudi shambani. Mahindi ya Katumani, mbegu iliyotoka kituo cha utafiti kilicho karibu na mji wa Machakos na ambayo hukomaa haraka, hupata zile wiki moja au mbili za unyevu zinazoamua kama nyumba itakula au itanunua.

Mwenye shamba anayefanya hivyo amehifadhi zaidi ya shamba lake. Tope ambalo halikuteremka kutoka kwake halikumwangukia jirani wa bondeni, halikuingia mtoni, halikujaza bwawa linalowapa watu wa mjini maji na umeme. Ndiyo maana nafurahi kila nisikiapo mkulima wa milimani amepewa tuzo kwa kulinda udongo na maji. Lakini nimekuwa nikijiuliza tunamtuza kwa kitu gani, na kama kitu hicho kinalingana na tani 40.

Historia ya Machakos inasaidia kujibu. Mwaka 1937 ofisa wa kikoloni aliyeshughulikia uhifadhi wa udongo, Colin Maher, aliandika ripoti ya kukatisha tamaa kuhusu nchi ya Wakamba, wenyeji wa Machakos: vilima vimebaki mawe na mchanga, na watu wanaelekea kwenye ufukara usio na tumaini. Makorongo aliyoyaona yalikuwepo kweli. Ila Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka iliyochorwa na serikali hiyohiyo, vilima vya Mua vimekwenda kwa walowezi, na malisho waliyozoea kuhamia wakati wa ukame yamefungwa. Ng'ombe walewale juu ya ardhi iliyopunguzwa wangefanya nini kingine?

Dawa iliyochaguliwa ilikuwa kuwapunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 mifugo ilikamatwa na kuuzwa kwa bei ya chini, wakati kiwanda cha nyama cha Liebig's huko Athi River kikitafuta ng'ombe wa kuchinja. Mkamba Muindi Mbingu akawaongoza wenzake kwa wingi, wanaume, wanawake na watoto, mpaka Nairobi, wakapiga kambi kwa wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Muindi Mbingu alikamatwa na kupelekwa kizuizini Lamu, lakini serikali ililazimika kuachana na uuzaji wa mifugo kwa lazima.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ikaja mitaro ya amri. Watu walitolewa kwenda kuchimba kwa siku zilizopangwa, chini ya macho ya machifu, mara nyingi kwenye ardhi isiyo yao. Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, wengi waliweka majembe chini. Mitaro ilikuwa imefungamana na fimbo, na fimbo ilipoondoka, mitaro ikaachwa ifukiwe.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niipende habari hii. Watu walirudi kwenye mitaro bila kusukumwa. Picha za angani za mwaka 1948, 1961 na 1978 zilipolinganishwa, zilionyesha mashamba yaliyokingwa yakiongezeka hata katika miaka ambayo serikali ilikuwa imeshughulika na mambo mengine. Mpango wa kitaifa wa kuhifadhi udongo na maji, uliosaidiwa na Sweden kuanzia mwaka 1974, uliwakuta watu wako njiani tayari. Ukawaongezea zana na wataalamu. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walichapisha kitabu kilichowashangaza wengi. Wakazi wa Machakos walikuwa wameongezeka kutoka takriban 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930 hadi takriban milioni 1.4 mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika muda huohuo mmomonyoko ulikuwa umepungua na mavuno kwa kila mtu yamepanda.

Sababu haikuwa moja. Kwa mila ya Wakamba, ardhi aliyoifyeka na kuilima mtu, iitwayo ng'undu, ni yake na ya uzao wake, kwa hiyo aliyechimba alijua nani atavuna. Kahawa iliporuhusiwa kwa Waafrika katika miaka ya 1950, ilitaka ardhi iliyotengenezwa ngazi, na kahawa ilileta fedha. Nairobi ilikuwa karibu, ikinunua matunda na mboga. Tena vijana waliofanya kazi mjini walituma mishahara nyumbani, na sehemu ya mishahara hiyo ikalipia vibarua na ng'ombe wa kukokota plau. Hapa wapo wataalamu waliowakosoa kina Tiffen, na nadhani wana hoja: familia isiyo na mtu wa mshahara haikuinuka kama wengine, na kukisifia kijiji kizima kunaweza kuifuta familia hiyo kwenye picha. Mtu akiniuliza kwa nini jirani fulani hana mitaro, swali la kwanza ningetaka lijibiwe ni nani angemsaidia kuichimba.

Kwa wengi jibu lilikuwa mwethya, vikundi vya kusaidiana kwa zamu: leo shamba la huyu, wiki ijayo la yule. Tangu wanaume waliposhika njia ya mjini, vikundi hivyo vimebebwa zaidi na wanawake. Tani zile 40, kwa sehemu kubwa, zimeinuliwa na wao. Halafu hati ya shamba ina jina la mume au la baba mkwe, na mratibu wa tuzo anapoomba jina la mwenye shamba, jina linaloandikwa kwenye cheti ni la hati. Hili si jambo dogo la karatasi. Mjane aliyechimba ngazi miaka 20 anaweza kuambiwa na shemeji zake kwamba hakuwa na ardhi pale. Nchini Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumiliki, na hatimiliki ya kimila inaweza kubeba majina ya wote wawili. Ofisi inayotaka kumheshimu mhifadhi ingeanzia hapo, kwa kuhakikisha jina lake limo kwenye hati kabla halijaandikwa kwenye cheti.

Vikundi hivihivi ndivyo vilivyojenga mabwawa ya mchanga ya Ukambani. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba, ukikata mto wa msimu. Mafuriko huleta mchanga, mchanga hujaa nyuma ya ukuta, na kati ya chembe zake hukaa maji ambayo jua haliyafikii. Hadi asilimia 40 ya ujazo ule inaweza kuwa maji. Joshua Mukusya na wenzake walianza kazi hiyo Utooni, Machakos, mwaka 1978, wakati ambapo wanawake walitembea nusu siku kutafuta ndoo moja. Lakini mabonde yasipokingwa, mto huleta tope badala ya mchanga mkubwa, na tope halitoi maji. Bwawa la chini hutegemea mitaro ya juu. Wanaochota na wanaochimba wanapokuwa kijiji kimoja, deni hilo hulipika kwa zamu za mwethya. Wanapokuwa mbali, mmoja mlimani na mwingine Dar es Salaam akifungua bomba, nani anakumbuka?

Milima ya Uluguru, Morogoro, imepitia pande zote mbili za swali hilo. Katika miaka ya kwanza ya 1950 serikali ya Tanganyika iliwalazimisha Waluguru kuchimba ngazi pana. Udongo mzuri wa Uluguru katika sehemu nyingi ni tabaka jembamba. Kukata ngazi kulifukia rutuba na kuibua udongo mfu, mazao yakadhoofika, na aliyekataa kuchimba alitozwa faini. Julai 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukafa. Nusu karne baadaye, kuanzia mwaka 2006, mashirika ya CARE na WWF yalirudi milimani kuleta makubaliano: watumiaji wakubwa wa maji ya mto Ruvu, wakiwamo DAWASCO, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza, wachangie, na wakulima wa Kibungo Juu walipwe kwa eneo walilolihifadhi, kwa njia waliyoichagua, iwe ngazi, miti au majani. Malipo hayakuwa makubwa. Ila mkulima alikuwa ameketi mezani na anayekunywa maji yake, jambo ambalo mwaka 1955 halikuwazika.

Kenya imejaribu njia kama hiyo Naivasha, ambako wakulima wa maua walio kandokando ya ziwa waliwachangia wakulima wa bonde la mto Malewa, na vocha walizopewa wakulima hao wa bondeni zikanunua mbegu na pembejeo. Tangu mwaka 2015 uko pia mfuko wa maji wa Tana ya Juu, kwa ajili ya mito inayoinywesha Nairobi. Hizi ndizo tuzo ninazoziamini, kwa kuwa zinatoka kwa mwenye kufaidika na zinaweza kuja kila mwaka. Mtaro nao hudai kila mwaka: tope lililojaa lazima lizolewe na kurushwa tena juu, majani yaliyokufa yapandwe upya, tuta lililobomoka lijengwe. Anayelipwa mara moja amelipwa kwa msimu mmoja.

Tuzo kubwa za dunia nazo zina funzo. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso alianza karibu mwaka 1980 kuchimba mashimo ya zai katika ardhi ngumu iliyopasuka kwa jua, akiyajaza samadi kabla ya mvua, mpaka mtama ukaota na msitu ukasimama palipokuwa jangwa tupu. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Right Livelihood. Mwaka 2020 shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Nairobi, likamtaja miongoni mwa Mabingwa wa Dunia. Wakati sifa hizo zikimfikia, mji wa Ouahigouya ulikuwa ukitanuka na kugawa viwanja ndani ya msitu wake. Alifariki Desemba 2023. Dunia ilikuwa imempa medali, na hata hivyo alizeeka akiutetea msitu alioupanda mwenyewe.

Nchini kwetu Tanzania wakulima bora hutangazwa kila Agosti kwenye viwanja vya maonyesho ya wakulima ya Nane Nane. Mahindi marefu hupelekwa pale, mbuzi wanene hupelekwa pale, asali hupelekwa pale. Mtaro haubebeki. Zaidi ya hayo, mwezi Agosti katika sehemu kubwa ya nchi hakuna mvua ya kuonyesha ni shamba la nani linashika maji na la nani linayatapika. Ningependekeza halmashauri zenye milima, Lushoto, Mbinga, Kondoa, Morogoro Vijijini, ziwatume waamuzi wao vijijini siku moja baada ya mvua kubwa ya masika, wakiwa na buti. Wasianzie kwa mgombea. Waanzie kwa jirani yake wa chini, wamuulize kama tope limeingia shambani kwake safari hii, kisha wapande kwa miguu mpaka juu, na kwenye fomu waandike majina ya wote walioshika beleshi.