Kasi ya Vichakataji vya Simu na Mustakabali wa Kiswahili

Utangulizi

Mijadala kuhusu Kiswahili na teknolojia imezoea kuanzia kwenye istilahi. Je, chombo hiki kiitwe kompyuta, tarakilishi au ngamizi? Simu ya mkononi iitwe rununu au simutamba? Mijadala hiyo ina faida zake, lakini ina hatari ya kumwacha mwanafunzi wa lugha mlangoni huku wengine wakipanga vyombo ndani ya nyumba. Makala haya yanadhamiria kuingia ndani. Yanaeleza kichakataji cha simu ni nini, namna kasi yake inavyobadilisha kazi ambazo simu inaweza kuzifanya, na sababu ya mabadiliko hayo kuwahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili. Hoja kuu ni kwamba kasi ya kichakataji huipa simu uwezo wa kuishughulikia lugha ya binadamu, lakini haiipi lugha yenyewe. Lugha sharti iletwe na wenyewe.

Kichakataji na Kazi Yake

Kichakataji, au prosesa kama kinavyojulikana na mafundi wengi, ni sehemu ya simu inayotekeleza maagizo ya programu. Kimeundwa kwa swichi ndogo mno ziitwazo transista, zilizopangwa juu ya kipande kidogo cha silikoni. Kila swichi ina hali mbili tu, kuwaka na kuzimika, na juu ya hali hizo mbili hujengwa hesabu zote, picha zote na maandishi yote yanayopita ndani ya simu. Chipu ya Intel 4004, iliyotolewa mwaka 1971, ilikuwa na transista zipatazo 2,300. Chipu ya A11 Bionic ya kampuni ya Apple, iliyotolewa mwaka 2017, ilikuwa na transista bilioni 4.3, na A17 Pro ya mwaka 2023 ina bilioni 19. Ongezeko la namna hii lilibashiriwa na Gordon Moore mnamo 1965. Mwaka 1975 alilirekebisha bashiri lake na kusema kuwa idadi ya transista ingeongezeka maradufu kila baada ya miaka miwili.

Kasi, hata hivyo, haitokani na wingi huo peke yake. Kichakataji hufuata mapigo ya saa yake ya ndani, mithili ya wapiga makasia wanaofuata mdundo mmoja. Saa ya simu ya kwanza ya iPhone, mwaka 2007, ilipiga mara milioni 412 kwa sekunde, yaani megahezi 412. Simu za bei ya juu za leo hupita gigahezi 3. Lakini mapigo hayawezi kuharakishwa bila kikomo. Kadiri yanavyoongezwa ndivyo umeme unavyotumika zaidi na joto linavyopanda, na simu ni kifaa kinachotegemea betri ndogo na kukaa mfukoni.

Kwa sababu hiyo, tangu katikati ya miaka ya 2000, waundaji wa chipu wameegemea njia nyingine. Kwanza, waliweka viini kadhaa vinavyofanya kazi sambamba ndani ya kichakataji kimoja. Pili, walitenga sehemu maalumu kwa kazi maalumu: sehemu ya picha, sehemu ya sauti, na katika miaka ya karibuni, sehemu ya hesabu zinazotumiwa na akili bandia. Usanifu wa ARM, ambao chimbuko lake ni kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1985, ulifaa sana kwa kazi hii kwa kuwa ulijengwa juu ya maagizo mepesi yasiyohitaji umeme mwingi. Ndio msingi wa takriban simu zote za kisasa.

Kazi Inayorudi Mkononi

Simu inaweza kufanya kazi kubwa hata ikiwa na kichakataji dhaifu, mradi hesabu zifanyikie kwingine. Nokia 1100, iliyotolewa mwaka 2003 na kuuzwa kwa zaidi ya milioni 250, ilikuwa ya kupiga simu, kutuma arafa na kumulika. Hata hivyo, Safaricom ilipoanzisha M-Pesa mnamo Machi 2007, huduma hiyo ilipatikana katika simu za aina hiyo kupitia menyu ya kadi ya simu. Simu ilituma ujumbe na kupokea jibu tu. Hesabu za fedha zilifanywa na kompyuta za kampuni.

Utambuzi wa usemi, yaani uwezo wa mashine kuyageuza maneno yanayotamkwa kuwa maandishi, ulifuata mtindo huo huo. Siri ilipoingizwa katika iPhone mwaka 2011, sauti ya mtumiaji ilisafirishwa hadi kwenye seva za mbali, ikachambuliwa huko, kisha jibu likarudishwa. Sababu ni uzito wa kazi yenyewe. Sauti hukatwakatwa katika vipande vifupi vya sehemu ndogo ya sekunde. Kila kipande hugeuzwa kuwa safu ya namba, na namba hizo huzidishwa kwa mamilioni ya namba nyingine ambazo mashine ilizipata katika mafunzo yake, ili kukadiria ni sauti gani imetamkwa na ni neno gani linaloelekea kufuata. Sekunde moja ya usemi huzaa mabilioni ya hesabu. Simu za wakati huo hazikuweza kuimudu kazi hiyo bila kuchelewa na kuimaliza betri.

Matokeo yalikuwa matatu. Pasipo mtandao hapakuwa na huduma. Palipo na mtandao, mtumiaji aliilipia data. Zaidi ya hayo, sauti yake iliondoka mkononi mwake na kwenda kwenye mashine asiyoijua.

Mwaka 2017 mambo yalianza kugeuka. Kirin 970 ya Huawei na A11 Bionic ya Apple zilikuja na sehemu mahususi ya kufanya hesabu nyingi za akili bandia kwa mkupuo na kwa umeme mdogo. Wataalamu wa programu nao walijifunza kuibana mifumo yao. Machi 2019, Google ilitangaza mfumo wa kutambua usemi uliobanwa hadi megabaiti 80, ukiishi ndani ya simu ya Pixel na kufanya kazi bila mtandao. Ulianza na Kiingereza cha Marekani peke yake. Sentensi hiyo ya mwisho inastahili kusomwa mara mbili.

Manufaa kwa Mtumiaji wa Kiswahili

Mtafiti wa fasihi simulizi ndiye mfano wa karibu zaidi kwa wasomaji wa jarida hili. Anayekwenda kurekodi masimulizi katika kisiwa cha Pate au katika vijiji vya Vanga hurudi na saa nyingi za sauti, kisha hukaa wiki kadhaa akinukuu neno baada ya neno. Unukuzi ndio unaozimeza siku za utafiti na kuwafanya wengi wachague mada zisizowatoa maktabani. Simu yenye uwezo wa kunukuu Kiswahili papo hapo, hata pasipo mtandao, ingempa mtafiti rasimu ya kusahihisha badala ya ukurasa mtupu. Mzee anayesimulia naye angekuwa na hakika kwamba sauti yake haikupelekwa ng'ambo bila idhini yake.

Mfano huo unaweza kupanuliwa. Mwanafunzi asiyeona angesomewa riwaya iliyoteuliwa kwa matamshi ya Kiswahili badala ya matamshi ya Kiingereza yaliyolazimishwa. Mtu mzima ambaye hakupata kujifunza kusoma angesikia arafa yake bila kumpa mtu mwingine siri zake. Haya yote ni mambo ambayo kichakataji chenye kasi kinayawezesha. Hakuna hata moja ambalo kinalikamilisha peke yake.

Kasi Bila Lugha

Injini ya kinu cha kusagia mahindi yaweza kuwa na nguvu za ajabu, lakini ikiwa hakuna aliyeleta mahindi, kitakachosagwa ni upepo. Mfumo wa kutambua usemi hufundishwa kwa saa nyingi za sauti zilizoandamana na maandishi yake. Mfumo wa Whisper uliotolewa na OpenAI mwaka 2022 ulifundishwa kwa saa 680,000 za sauti. Takriban 438,000 kati yake zilikuwa za Kiingereza kilichoandamana na maandishi. Za Kiswahili zenye maandishi yake hazikufika 10. Mfumo kama huo ukiwekwa katika simu ya kasi kuliko zote duniani, bado utakisikia Kiswahili kama mgeni aliyeshuka melini jana.

Tatizo si uchache wa data pekee. Lipo pia katika maumbile ya lugha. Kitenzi hawakutuandikia kina mofimu saba: ha- ya ukanushi, wa- ya nafsi, -ku- ya wakati uliopita katika ukanushi, -tu- ya mtendewa, mzizi -andik-, -i- ya kauli ya kutendea, na kiishio -a. Mzizi mmoja wa namna hii unaweza kuzaa maelfu ya maumbo. Programu ya kusahihisha tahajia iliyojengwa juu ya orodha ya maneno, kama inavyowezekana kwa Kiingereza, itapiga mstari mwekundu chini ya maneno ambayo hayana kosa lolote. Mkazo nao una kazi yake: barabara ya kupitia magari na barabara yenye maana ya sawasawa huandikwa sawa lakini hutamkwa tofauti. Kuna lahaja za Kimvita na Kiamu, na kuna mazungumzo ya mjini yanayochanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng katika sentensi moja. Kwa upande mwingine, tahajia ya Kiswahili hukaribiana mno na matamshi yake, na hiyo ni neema ambayo Kiingereza hakina.

Wajibu wa Wanafunzi na Wahadhiri

Kazi hii haianzi leo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu huria za ofisi kwa Kiswahili mwaka 2004, na huduma ya tafsiri ya Google iliongeza Kiswahili mwaka 2009. Mnamo 2021, wakfu wa Mozilla ulitangaza juhudi za kukuza Kiswahili katika mradi wake wa Common Voice, ambamo watu wa kujitolea husoma sentensi kwa sauti, wengine huzihakiki, na data inayopatikana hutolewa bure kwa yeyote.

Mhandisi anaweza kuunda chipu, lakini hawezi kuamua kama sentensi imenukuliwa kwa usahihi, kama mnyambuliko fulani unakubalika, au kama neno la Kiamu ni kosa ama ni lahaja. Maamuzi hayo ni ya mwanaisimu. Vyama vya wanafunzi vinaweza kuandaa vikao vya kusoma na kuhakiki sentensi. Idara zinaweza kuzihifadhi rekodi za tasnifu za fasihi simulizi pamoja na unukuzi wake, kwa idhini ya wasimulizi, badala ya kuziacha zififie katika kanda. Kozi ya mofolojia inaweza kumtaka mwanafunzi aziandike kanuni za mnyambuliko kwa uwazi ambao hata mashine itaufuata.

Hitimisho

Vichakataji vyenye kasi huanzia katika simu za bei ghali, kisha baada ya miaka michache uwezo wao huteremka hadi kwenye simu ambazo mwananchi wa kawaida anaweza kuzinunua. Muda huo wa kuteremka ndio nafasi waliyo nayo wanaoipenda lugha hii. Simu hizo zitakapomfikia muuza samaki wa Vanga zikiwa na uwezo wa kusikia na kusema, lugha zitakazokuwa ndani yake zitakuwa zile zilizoandaliwa mapema. Wenye Kiswahili wakingoja kuandaliwa, watalazimika kuzungumza na simu zao kwa lugha ya watu wengine.