Si Kila "UTI Sugu" Huponywa na Dawa

Mama wa Ubena, huku kwetu Pwani, anayekwenda zahanati kwa sababu mkojo unamchoma hupewa dawa za UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Akirudi mara ya tatu, huambiwa UTI yake ni sugu. Hapo inafaa kuuliza: mkojo wake unapata njia ya kutoka?

Mrija wa mkojo wa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi. Wa mwanamume hukaribia 20. Kwa wanawake mrija huo ni nadra kuziba, ndiyo maana tatizo husahaulika. Husinyaa pale unapojeruhiwa na kuacha kovu: uchungu wa uzazi uliokwama, upasuaji wa fistula, mpira wa mkojo uliowekwa kwa nguvu, nyonga iliyovunjika katika ajali ya bodaboda, au mionzi ya saratani ya mlango wa kizazi. Kwa wengine chanzo hakijulikani.

Mgonjwa hukojoa kwa kujikamua, mkojo hutoka mwembamba na kukatikakatika, naye huhisi hajamaliza. Katika mkojo unaobaki kibofuni huzaliana vijidudu, hivyo dawa humtuliza siku chache tu. Tatizo likiachwa, huweza kudhuru figo.

Uchunguzi huanza kwa kupima mkojo na kuotesha vijidudu. Ukiwa na damu, kichocho nacho kitafutwe, maana huku kwetu kipo. Kisha ifanyike ultrasaundi mara tu baada ya kukojoa: mkojo uliobaki ukizidi mililita 100 kila anapopimwa, apewe rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, kwa mfano katika Hospitali ya Muhimbili, achunguzwe mrija kwa kamera.

Tiba ya kwanza huwa kutanua mrija chini ya ganzi. Nafuu huja haraka, lakini kwa wengi kovu hurudi, na kutanua tena na tena huweza kuliongeza. Upasuaji wa kuujenga upya mrija, kwa kutumia utando laini wa ukeni au wa ndani ya shavu, hudumu zaidi.

Dada, ukitibiwa UTI mara 3 ndani ya mwaka mmoja, omba upimwe mkojo unaobaki kibofuni. Mweleze mhudumu bila haya kama uliwahi kupata uzazi mgumu, ajali au kuwekewa mpira. Na mkojo ukigoma kabisa huku tumbo la chini likiuma, usisubiri kukuche; wahi hospitali usiku huohuo.