Motokari yenye inalala sana: moshi wake unasema nini?

Katika miji yetu, Kamina ni mmoja wao, kuna motokari zenye hazitembei kila siku. Mwenyewe anapanda moto ao anaenda kwa miguu, sababu esansi ni bei na barabara ya mchanga haipendi motokari ya chini. Ile ya spor, yenye kung'aa, inabaki chini ya hema, inangoja ndoa. Siku ikifika, anazungusha ufunguo, moteri inashika, na bomba ya nyuma inatoa wingu la moshi mbele ya bibi-arusi.

Kesho yake fundi anakuja kusema moteri imekufa, inaomba kufunguliwa. Kufungua moteri ni falanga nyingi, pengine ile ya masomo ya watoto. Mbele ya kukubali, angalia mambo mawili: moshi uko na rangi gani, na unakaa muda gani.

Moshi mweupe

Esansi ikiungua inazaa maji: litri moja ya esansi inatoa karibu litri moja ya maji, yenye inatoka kama mvuke. Bomba ikiwa baridi, mvuke unaonekana sawa pumzi ya mtu asubuhi. Kamina iko kwenye kimo cha metre zaidi ya 1000, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Kama ule moshi unaisha kisha dakika chache, si ugonjwa.

Lakini kama unaendelea hata moteri imepata moto, pima maji ya radiateri. Ikiwa inapunguka bila kuvuja chini, pengine inaingia ndani ya silinda, na mara nyingi ni joani ya kilasi imepasuka. Zima. Kuendelea kutembea vile ndiko kunaua moteri kabisa.

Kwa motokari ya mazuti, moshi mweupe wenye kuchoma macho ni mazuti yenye haijaungua, kwa sababu moteri ingali baridi. Usipoisha, fundi aangalie bujii za kupasha moto na enjekta.

Moshi wa bluu

Huu ni mafuta ya moteri inaungua. Kila valvu iko na kampira kadogo kenye kanazuia mafuta. Kampira kakizeeka kanakuwa kagumu, na motokari ikilala, mafuta inashuka polepole mpaka ndani ya silinda. Ukiwasha, inaungua kwa sekunde chache, kiisha bomba inakuwa safi. Hapo hakuna haraka: pima mafuta mara kwa mara na uongeze ikipunguka.

Kuna hata moteri zenye pistoni zake zinalala ubavu, kama ya Porsche 911 na za Subaru nyingi. Hizo zinaweza kutoa moshi kidogo wa bluu zikikaa, na bado ni nzima.

Ila moshi wa bluu ukifuata motokari njia yote, na mafuta inapunguka kila juma, segma za pistoni ao valvu zimechoka. Hapo neno la kufungua moteri liko na maana.

Moshi mweusi

Esansi ni nyingi, hewa ni kidogo. Anza na kitu cha bei ndogo: filtri ya hewa. Vumbi inaiziba, na panya wanapenda kujenga ndani ya motokari yenye inalala. Kumbuka pia kwamba esansi yenye imekaa miezi mingi ndani ya rezervwari inapoteza nguvu.

Kuwasha kila Siku ya Mungu?

Wengi wanawasha dakika tano kila juma, wakifikiri wanasaidia. Dakika tano zinazaa maji bila kuleta joto ya kuikausha. Inabaki ndani ya bomba na kuleta kutu, inachanganyika na mafuta mpaka chini ya kifuniko unaona kitu kama maziwa. Ni heri kutembeza dakika 20 ao 30, hata mara mbili kwa mwezi, na kubadilisha mafuta kila mwaka hata kama haikutembea. Kama haiwezekani, toa batri na uiache ilale.

Moshi wenye hauonekani

Moshi wenye kutisha watu si wenye kuwaua. Moteri yoyote ya esansi inatoa gazi ya monoksidi ya kaboni, yenye haina rangi wala harufu. Ndani ya garaji yenye imefungwa, inaanza na kichwa kuuma na kizunguzungu, kiisha usingizi, kiisha kifo. Jenereta ndani ya nyumba ni hatari ile ile.

Kwa hiyo, hata asubuhi ya ndoa, na hata kama bomba haitoi moshi wowote, sukuma motokari inje kwanza. Kiisha uwashe.